Nyumba Iliyokuwa Ikipanda

Kila alfajiri, Bibi Mwanvua alipomaliza swala na kukunja mkeka wake, mjukuu wake Faridah alikuwa tayari nje, ameinama, ufagio wa vijiti vya mchikichi ukikwaruza udongo mwekundu. Hakufagia ovyo. Alianzia mlangoni akateremka kinyumenyume mpaka barabarani, ili nyayo zake mwenyewe zisibaki juu ya kazi yake. Akimaliza, uwanja mzima ulikuwa umechorwa mistari ya upinde, safu kwa safu, na hapakuwa na jani hata moja.

Katika mtaa wao wa Kasongo, uwanja wa namna hiyo si jambo dogo. Majani yakiota mbele ya nyumba, watu huuliza kama wenyewe wamehama au wamelala usingizi. Tena majani huficha nyoka, na hakuna anayetaka kusikia kwamba nyoka ametokea kwake. Bibi Mwanvua aliuza mchele na chumvi kibarazani, lakini uwanja wake ndio uliokuwa ukimpa kichwa.

"Mutu akipita barabarani," alipenda kusema, "hata asiponinunulia kitu, ajue hapa kunakaa wanawake wenye kuamuka mapema."

Faridah alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na maneno hayo yalimfanya ainue shingo hata akiwa na usingizi machoni.

Tena familia hiyo ilikuwa na fahari nyingine, kubwa kuliko ile ya uwanja. Nyumba yao ilikuwa ikipanda. Marehemu babu alipoijenga, kwa matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe, mtu aliingia kibarazani kwa kuinua mguu tu. Baadaye ikahitajika ngazi moja. Mama yake Faridah alipoolewa, zilikuwa mbili. Faridah alipoanza shule, tayari walikuwa wamejenga ya tatu, na nyumba ikasimama juu kuliko zote za jirani.

"Marehemu alikuwa na mkono wa baraka," Bibi aliwaeleza wageni. "Za wengine zinachoka. Yetu iko inapanda."

Wageni waliitazama nyumba wakatikisa kichwa kwa heshima. Faridah naye aliipeleka habari hiyo shuleni, akamringia nayo mwenzake wa darasani, Élysée, ambaye kwao hapakuwa na ngazi hata moja.

Mwezi wa kumi, magoti ya Bibi yalipoanza kulalamika, fundi Sumaili aliitwa ajenge ngazi ya nne. Fundi aliizunguka nyumba kwanza, kama ilivyo kawaida yake. Alipofika kona ya nyuma alichuchumaa, akakaa hapo kitambo, kisha akaita.

"Mama Mwanvua, kuja uone."

Mawe ya msingi, ambayo babu aliyazika chini ya ardhi, yalikuwa nje kama meno ya mtu anayecheka. Chini ya jiwe la mwisho hapakuwa na kitu, mkono ulipita. Kutoka hapo ufa ulipanda ukutani mpaka kwenye dirisha la chumba cha Bibi.

"Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikiingia humu, hii kona itashuka," fundi alisema. "Na kona ikishuka, bati itaifuata."

"Basi utie sima," Bibi alisema, akimaanisha saruji.

"Nitatia ikipatikana. Lori la sima limekwama njia ya Kabambare. Tungoje. Mama, kwa sasa usilale kile chumba."

Bibi Mwanvua alikataa kuhama. Katika chumba hicho alizaa watoto wake, na katika chumba hicho alimfunga macho mumewe. Alisema nyufa ni uzee tu, hata yeye anazo usoni. Fundi alicheka kidogo, lakini Faridah hakucheka. Usiku huo alisikiliza kila tone lililogonga bati.

Siku iliyofuata, darasani, Mwalimu Raphaël aliingia na machungwa mawili, moja la kuwa dunia na la pili la kuwa mwezi. Mwalimu huyu alikuwa mzaliwa wa Kabambare, mtu wa maneno taratibu, na siku hiyo alitaka kuwafundisha juu ya mwezi.

"Kuna watu walitembea juu ya mwezi," alianza. "Waliacha nyayo katika vumbi la huko. Imepita zaidi ya miaka hamsini, na nyayo zile ziko vilevile."

Élysée aliinua mkono. "Mwalimu, sijasikia vizuri. Nyayo ilikaa mwezi moya, ao miaka makumi tano?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, akaonyesha kidole dirishani, juu ya mapaa.

"Ninasema mwezi ule wa juu, Élysée. Si ule ninaongojea mushahara."

Walipotulia, aliuliza, "Sasa niambieni, juu ya nini, sababu gani, zile nyayo hazijafutika?"

Faridah alijibu kabla hajafikiri. "Hakuna mutu wa kuzifagia."

Kicheko kikarudi mara mbili. Kila mtu alijua Faridah na ufagio wake. Lakini Mwalimu Raphaël hakucheka. Alichukua chaki akaandika neno moja ubaoni: WAFAGIAJI.

"Faridah amesema kitu kikubwa," alisema. "Dunia yetu ina wafagiaji. Mvua, upepo, mito, mizizi ya miti, na sisi wenyewe na miguu yetu. Kwanza mwamba unachakaa, unavunjika, unakuwa udongo. Hilo ni jambo la kwanza. Kisha udongo unachukuliwa na kupelekwa mahali pengine. Hilo ni la pili, na ndilo munaita erozyo. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo hakuna upepo. Hakuna mvua wala mto. Wafagiaji wetu hawafiki kule."

"Basi mawe ya mwezi hayachakai kabisa?" aliuliza Élysée, ambaye alitaka kusahaulisha swali lake la kwanza.

"Yanachakaa, lakini polepole mno. Mchana wa kule unadumu kama majuma mawili, na jua linachoma vikali. Usiku nao ni kama majuma mawili, na baridi yake hatuna mfano wake hapa Kasongo. Jiwe linapanuka, linasinyaa, mwisho linapasuka. Tena kuna vijiwe na vumbi vinavyoanguka kutoka angani. Huku kwetu vingi vinaungua hewani kabla ya kufika chini. Kule vinagonga moja kwa moja. Hata hivyo, katika miaka milioni moja, mwamba wa kule unapungua kama unene wa ukucha wako."

Wanafunzi wote walitazama kucha zao.

"Na huku kwetu?" Faridah aliuliza.

"Huku, mahali penye mteremko na udongo mtupu, mvua moja kubwa inaweza kuondoa unene huo kabla hamujatoka shule. Kwetu Kabambare nimeona barabara ikigeuka korongo."

Kisha akawapa kazi: kila mmoja aangalie kwao, atafute mahali ambapo ardhi inaondoka, aje aeleze. Machungwa aliwagawia waliokuwa karibu, na kelele zikaanza.

Njiani Élysée alimtania. "Nyumba yenu inapanda kila mwaka. Angalieni isifike kule mwezini, utakosa mutu wa kucheza naye."

Faridah alimsukuma begani, wakacheka. Lakini alipofika kwao alisimama barabarani bila kuingia. Alitazama ngazi tatu, kisha uwanja unaoteremka mpaka mferejini, kisha shina kubwa la mchaichai lililokuwa pembeni, karibu na ua wa jirani. Mchaichai ule ulisimama juu ya kituta kilichomfika Faridah gotini. Alikuwa amekizoea kituta kile tangu utotoni.

"Bibi," aliita, "juu ya nini ulipanda mchaichai juu ya kilima?"

"Kilima gani?" Bibi alijibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akipepeta. "Nilipanda chini, pahali pa sawasawa, pa kusimama vizuri. Babu yako alikuwa ananishikia maji. Hapakuwa kilima hapa."

Faridah alitafuta kamba. Alifunga ncha moja kwenye mchaichai, pale shina linapoingia ardhini, akaivuta mpaka nyumbani na kuinyoosha. Kamba ilifika usawa wa baraza, kasoro kidogo. Aliangalia chini ya kamba. Pote palipokuwa hewa chini ya kamba ile, zamani palikuwa udongo.

Nyumba haikuwa imepanda hata kidole. Uwanja ndio ulioshuka. Majani na mizizi ya mchaichai vilikishika kituta kikabaki mahali pake, na kwingine kote udongo ulikuwa umeondoka. Na nani alikuwa akiulegeza kila asubuhi, akang'oa kila jani lililothubutu kuota, akausogeza vumbi kwa vumbi mpaka mferejini ili mvua iuchukue? Faridah alitazama viganja vyake, vigumu kwa kazi ambayo mtaa mzima uliisifu.

Jambo baya zaidi lilikuwa kumwambia Bibi. Angewezaje kumwambia mama mzima kwamba fahari yake ya kwanza ilikuwa ikibomoa fahari yake ya pili? Faridah alifikiria kunyamaza. Angeweza kumweleza mwalimu korongo la njia ya sokoni, hakuna ambaye angejua. Lakini kona ya nyuma isingengoja adabu zake, na Bibi alikuwa akilala nyuma ya ukuta ule. Akapiga moyo konde.

Alikaa chini, karibu na ungo, akaeleza yote, ya mwezi na ya duniani. Bibi alisikiliza huku mkono umesimama juu ya mchele.

"Ni kusema," alisema mwishowe, polepole, "ufagio wangu ndio unakula nyumba ya bwana yangu?"

"Bibi, si ufagio peke yake. Ni mvua. Lakini sisi ndio tunaitengenezea njia."

"Weye mutoto, ulizaliwa ukanikuta nafagia. Mama yangu alifagia kule Nyangwe, na mama yake vilevile. Shule ndiyo inawafundisha kuita usafi ubaya?"

Faridah alitaka kulia, lakini hakurudi nyuma. Alileta makopo mawili ya maji na mabakuli mawili meupe. Bakuli moja alilizamisha ardhini upande wa chini wa uwanja uliofagiwa. La pili aliliweka chini ya kituta, penye majani.

"Bibi, ninaomba uangalie tu. Kisha unipige ukitaka."

Alimwaga kopo la kwanza kwa kulitikisa, ili maji yaanguke kama mvua. Yalikimbia uwanjani na kuingia bakulini mekundu kabisa. Alimwaga la pili juu ya majani. Maji mengi yalizama, na yale machache yaliyofika bakulini yalikuwa meupe kiasi cha kuona kitako cha bakuli.

Bibi Mwanvua aliinuka, akaliokota bakuli la maji mekundu. Akatumbukiza vidole, akasaga tope lake, akalitazama muda mrefu.

"Pale Nyangwe, wakati wa mvua," alisema, "mto unakuja mwekundu. Tulikuwa watoto, tunauliza huu udongo ni wa nani. Kumbe unatoka ku milango ya watu."

Usiku ule hakulala chumba cha nyuma. Alitandika mkeka sebuleni, kando ya Faridah, bila kueleza sababu. Asubuhi Faridah alipotoka, ufagio haukuwapo mahali pake. Bibi alikuwa amepiga magoti mbele ya mchaichai, jembe mkononi, anagawa mashina.

Walifanya kazi mpaka mikono ikawaka. Walipanda mchaichai safu tatu, kukata mteremko, si kuufuata. Walichota udongo mferejini kwa beseni na kuurudisha chini ya kona, na fundi Sumaili akaja kuupiga kwa mti na kupanga mawe mbele yake, wakati lori la sima likiendelea kulala njiani. Walileta vipande vya nyasi fupi zinazotambaa, wakavipandikiza palipobaki patupu. Waliacha njia moja tu ya kufagia, kutoka mlangoni mpaka barabarani. Takataka waliziokota kwa mkono.

Kisha likaja jaribu lenyewe, nalo halikuwa la mvua. Majani yakaanza kuota.

Mama Laetitia, jirani wa upande wa pili, alisimama kwenye ua asubuhi moja. Alikuwa mwanamke mwema, ila mdomo wake ulikuwa hautulii.

"Yambo, Mama Mwanvua. Uko mugonjwa? Ninaona majani iko inaota kwako, sawa nyumba haina mwenyewe."

Faridah aliona aibu ikimpanda shingoni. Alijua Bibi amengoja neno hilo siku zote, na alijua kufagia mara moja tu kungeweza kuliondoa.

Bibi alifunga kitenge chake vizuri, akasogea mpaka kwenye ua.

"Yambo, mama. Si mugonjwa. Hii majani ni mimi niliipanda. Ile nyumba yangu haikuwa inapanda, ni uwanja ulikuwa unakimbia, na mimi ndiye niliukimbiza. Mujukuu wangu ndiye aliona. Angalia fondasyo yako, ule musingi, mama. Unaanza kuwa na ngazi."

Mama Laetitia aligeuka kuitazama nyumba yake, akaenda kuinama mbele ya msingi wake. Faridah alisimama pale na kopo la maji mkononi. Alikuwa amejivunia Bibi kwa mambo mengi, lakini hakuwahi kujivunia kama asubuhi ile, alipomsikia akisema kosa lake kwa sauti ya kusikika barabarani.

Mvua kubwa ilikuja mchana mmoja wa mwezi wa kumi na moja, wanafunzi wakiwa darasani. Ilipiga bati mpaka mwalimu akaacha kusema. Faridah alikaa ameshika ukingo wa dawati, akihesabu matofali ya kona ile kichwani mwake. Ilipopungua tu, Mwalimu Raphaël alimwangalia, akamfanyia ishara ya mlango. Faridah alikimbia bila kufunga mfuko wake.

Barabara yote ilikuwa mto mwekundu. Karibu na kwao alisikia sauti ya kitu kikianguka majini, akaongeza mbio. Ulikuwa ukuta wa jiko tupu la jirani mmoja, hakuna aliyeumia. Alizunguka nyuma ya nyumba yao.

Kona ilikuwa imesimama. Mawe ya fundi yalikuwa mahali pake, na udongo waliourudisha ulikuwa umelowa lakini haukwenda popote. Ufa haukuongezeka. Kutoka safu ya mwisho ya mchaichai maji yalitoka taratibu, yakiwa na rangi kidogo tu, yakaingia mferejini kukutana na yale mekundu ya mtaa. Bibi Mwanvua alikuwa pale, amelowa chapachapa, anayatazama maji hayo kama mtu anayetazama mtoto akipiga hatua.

"Umeona?" alisema. "Umeona kazi yetu?"

Faridah alimkumbatia kiunoni, na wote wawili wakacheka mvuani.

Juma lililofuata, Mwalimu Raphaël aliwaleta wanafunzi wote wa darasa. Faridah alieleza kamba, kituta na mabakuli. Alipomaliza, mwalimu alimwomba Bibi Mwanvua aseme neno. Bibi alikuwa amevaa nguo yake ya Idi. Alisimama mbele ya majani yake, mikono nyuma.

"Watoto wangu," alisema, "mwalimu anasema kule juu ya mwezi alama ya muguu inakaa miaka na miaka, sababu hakuna kitu cha kuigusa. Basi kule hakuna mutu wa kusifiwa. Huku kwetu mvua iko, upepo uko, na miguu yetu iko. Kitu kikikaa huku, mujue kuna mutu alikishika. Mimi nilikuwa na bidii maisha yangu yote, lakini sikuuliza bidii yangu inapeleka udongo wapi. Mufanye kazi, na muulize. Na mutu mudogo akiona kosa lenu, musimunyamazishe."

Aliweka mkono juu ya kichwa cha Faridah.

"Mutu akiniuliza nani alisimamisha hii nyumba, nitamujibu ni wawili. Bwana yangu aliijenga. Na huyu aliishika isianguke."

Faridah alichukua jembe, akaanza kuchimba mashina ya mchaichai na kuwagawia wenzake, kila mmoja lake, wapeleke kwao.